Kokteli ya kukorogwa ya wiski ya Ayalandi: dalili, chanzo na marekebisho

Malalamiko ya wanaokoroga kokteli nyumbani ni yale yale: imekuwa maji maji, inachoma koo, ni tamu kama sharubati, ina uchungu wa dawa, au wiski yenyewe haisikiki kabisa. Wengi hukimbilia kulaumu chupa na kwenda kununua nyingine ya bei zaidi. Mara nyingi chupa haina kosa. Kosa liko kwenye barafu, na barafu ndiyo kiungo ambacho karibu hakuna anayekipima.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea zaidi kimetangulia na cha nadra kimewekwa mwisho. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha wiski, barafu na muda wa kukoroga kwa pamoja, hutajua kilichokuponya.

Kokteli ya rejea

Hitilafu haipimiki bila kipimo cha kulinganishia. Hapa tunatumia Tipperary, kokteli yenye jina la kaunti ya Ayalandi na iliyoanza kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mapishi ya zamani yalitia viungo vyote vitatu sawa kwa sawa. Vipimo vya sasa huipa wiski nafasi zaidi:

- wiski ya Ayalandi ya asilimia 40: ml 50
- vamuthi nyekundu tamu: ml 25
- Chartreuse ya kijani: ml 15
- bita ya Angostura (dondoo kali na chungu la mitishamba): mitikiso 2 ya chupa (mtikiso mmoja ni kama ml 0.8)
- ganda la chungwa la kukamulia mafuta juu

Vamuthi ni divai iliyotiwa mitishamba na kuongezewa pombe na sukari. Nguvu yake huwa asilimia 15 hadi 18. Chartreuse ya kijani ni likwa (pombe kali iliyotiwa sukari) ya mitishamba inayotengenezwa na watawa nchini Ufaransa, na ina asilimia 55, yaani ni kali kuliko wiski yenyewe ingawa utamu wake huficha jambo hilo.

Ukikosa Chartreuse, koroga Emerald: wiski ml 60, vamuthi nyekundu ml 30, mitikiso 2 ya bita ya machungwa. Dalili na tiba zote zilizoandikwa hapa zinaihusu hiyo pia, isipokuwa pale Chartreuse inapotajwa.

Namna: poza glasi ya kunywea kwenye friza kwa dakika 15. Tia viungo kwenye jagi la kukorogea lenye ujazo wa ml 500 hivi, jaza gramu 200 hadi 250 za barafu kavu iliyotoka friza sasa hivi, koroga sekunde 30, chuja, kamua ganda juu.

Kipimo cha kwanza: pima kinachotoka

Kabla ya kusoma dalili yoyote, fanya jambo hili mara moja. Koroga kama kawaida yako, kisha chuja kokteli kwenye kikombe chenye alama za mililita badala ya glasi. Uliingiza ml 90 na kidogo. Zilizozidi ni maji ya barafu.

- Zikitoka chini ya ml 110, maji ni machache. Nenda kwenye «Inachoma koo».
- Zikitoka kati ya ml 115 na 128, maji yako sawa. Tatizo lako ni viungo au vipimo.
- Zikitoka zaidi ya ml 135, maji yamezidi. Anza na sehemu inayofuata.

Huna kikombe cha kupimia? Mizani ya jikoni inatosha. Gramu na mililita hapa hukaribiana kiasi kwamba tofauti haitakusumbua.

Dalili: ni maji maji, haina uzito mdomoni

Hii ndiyo inayoongoza. Ili kuielewa, fikiria joto kama deni ambalo barafu lazima ilipe. Kupoza ml 90 za kinywaji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 3 chini ya sifuri hudai gramu 22 hivi za barafu ziyeyuke. Jagi zito la glasi, lenye gramu 500, likipozwa kiasi hicho hicho hudai gramu nyingine 25 hadi 30. Naam, jagi linaweza kudai zaidi ya kinywaji chenyewe. Upande wa pili, gramu 200 za barafu iliyo nyuzi 18 chini ya sifuri huja na akiba: kabla haijaanza kuyeyuka hulipa sehemu ya deni kwa ubaridi wake tu, sawa na gramu 19 hivi ambazo hazitageuka maji. Jumlisha, toa, utabaki na takriban ml 30 za maji. Kokteli inatoka ml 120, palepale panapotakiwa.

Sasa angalia kinachoharibu hesabu hiyo.

Barafu iliyolowa. Barafu iliyokaa mezani kwenye bakuli tangu wageni waingie imefika nyuzi sifuri. Akiba yake imekwisha, na juu yake imebeba maji tayari. Gramu 200 za vipande vidogo zinaweza kuingiza ml 10 hadi 15 kabla hujashika kijiko. Hapo kokteli hutoka zaidi ya ml 140. Cha kuangalia: gusa kipande kwa kidole kikavu. Kikinata kidogo, ni kikavu na baridi. Kikiteleza na kung'aa, kimelowa. Dawa ni kukoroga kwa barafu iliyotoka friza dakika hiyo hiyo. Kama huna budi kutumia iliyolowa, imwage kwenye chujio, itikise vizuri, ndipo uitie, na upunguze kukoroga hadi sekunde 15 au 20.

Vipande vidogo au vilivyovunjika. Eneo la kuyeyukia ni kubwa mno. Vipande vya upande wa sm 3 vinafaa zaidi kwa jagi la nyumbani. Barafu ya mashine za friji inayotoka kama mwezi mwembamba huyeyuka haraka. Itumie ikiwa ndiyo uliyonayo, lakini onja kila baada ya sekunde 8.

Jagi la uvuguvugu. Ukilitoa kwenye maji ya moto ya kuoshea na kulitumia papo hapo, umeongeza deni maradufu. Suuza kwa maji baridi, au liweke kwenye friji nusu saa. Jagi jembamba la chuma hudai kidogo kuliko glasi nzito, kwa hiyo usishangae kokteli ikitoka kali zaidi siku utakapobadilisha chombo.

Barafu kidogo mno. Inaonekana kinyume, lakini ndivyo ilivyo: vipande 3 au 4 haviwezi kupoza kinywaji haraka, hivyo unakoroga dakika nzima na vyote vinayeyuka. Barafu lazima ipande juu ya usawa wa kinywaji. Ikielea huku kinywaji kikiwa wazi chini yake, ongeza.

Kuiacha ndani ya jagi. Simu ikilia katikati ya kazi, chuja kwanza, pokea baadaye.

Kukoroga kupita kiasi. Nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa kuliko zote. Kinywaji kikishafika baridi ya barafu, kuyeyuka hupungua sana. Kutoka sekunde 30 hadi 40 huongeza kidogo tu ikiwa barafu ni kavu na kubwa. Anayepata maji maji kwa sekunde 30 asipunguze sekunde kwanza. Abadilishe barafu.

Kuokoa iliyokwisha kuharibika: ongeza wiski ml 10, vamuthi ml 5 na mtikiso mmoja wa bita, zungusha mara tatu bila barafu. Ikiwa imezidi ml 150, usihangaike nayo. Mimina juu ya barafu kwenye glasi ndefu uinywe kama kinywaji kirefu.

Dalili: inachoma koo, pombe imetangulia kila kitu

Kipimo cha haraka: chukua kokteli hiyo hiyo, ongeza maji baridi ml 5 (kijiko cha chai), zungusha, onja. Ikilainika na mitishamba ikajitokeza, ilikuwa na njaa ya maji. Ongeza kijiko cha pili kama bado. Ikibaki kali ileile, tatizo ni nguvu ya chupa au vipimo.

Maji machache kwa sababu ya baridi nyingi. Kuna desturi ya kuweka wiski kwenye friza, jagi kwenye friza, na barafu ya friza. Kila kitu kikiwa baridi tayari, hakuna deni la kulipa, na barafu haiyeyuki. Matokeo ni kinywaji cha baridi kali kilichotoka ml 100 tu: ulimi unahisi ubaridi, koo linahisi moto. Ama toa wiski kwenye friza na uiweke kabatini, ama endelea na desturi yako lakini upime maji baridi ml 25 na kuyatia kwenye jagi mwenyewe. Njia hii ya pili ni nzuri kuliko inavyosifiwa. Hukupa matokeo yaleyale kila siku.

Kipande kimoja kikubwa cha barafu. Kinapendeza ndani ya glasi, ila kwa kukorogea ni kigumu kuyeyuka. Kipasue vipande 4 au 5.

Kukoroga kwa aibu. Sekunde 10 za kuzungusha polepole hazitoshi. Mgongo wa kijiko ugusane na ukuta wa jagi, barafu yote izunguke kama donge moja, mizunguko kama 50 ndani ya sekunde 30. Kusiwe na makelele ya barafu kugongana. Kelele maana yake unaipasua, na vipande vidogo vinavyotoka hukurudisha kwenye dalili ya kwanza.

Wiski yenye nguvu zaidi. Soma lebo. Kwa sheria, wiski ya Ayalandi haiuzwi chini ya asilimia 40, lakini hakuna kinachozuia chupa kuwa na 46, au kuzidi 55 ikiwa imetolewa kwenye pipa bila kupunguzwa maji. Kwa wiski ya 46, tumia ml 45. Kwa ya 57, tumia ml 35 na uongeze maji ml 15 kwenye jagi.

Dalili: vipimo havitabiriki, leo tamu kesho kali

Hapa kuna mkono, siyo barafu. Vipimo vya baa vya pande mbili huuzwa kwa saizi tofauti: 25 na 50, 30 na 60, 30 na 45. Ukifuata mapishi ya ml 50 na 25 kwa kipimo cha 60 na 30, uwiano wa viungo hivyo viwili utakuwa sawa lakini Chartreuse ya ml 15 itakuwa pungufu. Hakiki kipimo chako leo: kiweke kwenye mizani, rudisha sifuri, jaza maji hadi ukingoni. Gramu 50 ni ml 50. Kuna vipimo vya bei rahisi vinavyokosea hadi ml 5, na mwenyewe hajui.

Kisha angalia ukingo. Kwenye kipimo chenye mdomo wa sm 4, kuacha pengo la mm 2 juu ni kupoteza ml 2.5. Kwa wiski ml 50 hilo ni kosa dogo. Kwa Chartreuse ml 15 ni karibu moja ya sita ya kiungo chote, nacho ndicho kiungo chenye sauti kubwa zaidi ndani ya glasi. Kwa hiyo kiasi kidogo pima kwa kipimo chembamba, au kwa kijiko cha kupimia cha ml 15. Kijiko cha kulia chakula hakihesabiki. Kila seti ina ukubwa wake.

Dalili: tamu mno, inanata mdomoni

1. Haijapoa vya kutosha. Utamu husikika zaidi kinywaji kikiwa vuguvugu. Rudia ukiwa na glasi iliyopozwa kabla ya kubadilisha mapishi.
2. Vipimo vya vamuthi na Chartreuse vimezidi. Rejea hapo juu.
3. Vamuthi yenyewe ni nzito. Sheria za Ulaya zinataka vamuthi inayoitwa tamu iwe na sukari isiyopungua gramu 130 kwa lita, na nyingine huzidi hapo. Aina zenye vanila nyingi, kama Carpano Antica Formula, hufunika wiski nyepesi. Punguza hadi ml 20, au jaribu yenye uchungu kama Punt e Mes.
4. Umetumia Chartreuse ya manjano. Ni tamu na laini kuliko ya kijani, na nguvu yake ni asilimia 43. Haiharibu kokteli ila inaigeuza nyingine. Ipunguze hadi ml 10.

Mtikiso wa tatu wa bita mara nyingi huponya utamu mdogo. Usiongeze limau. Tindikali ndani ya kokteli ya kukorogwa huibadilisha kuwa jambo jingine ambalo lingehitaji kutikiswa na vipimo vipya.

Dalili: uchungu wa dawa, ulimi unakauka

Anza na ganda la chungwa. Ukilikata kwa kina, unachukua na utando mweupe wa ndani, na huo ndio wenye uchungu. Tumia kisu cha kumenyea viazi, kata ukanda wa sm 5 kwa 2, geuza uutazame: vinyweleo vya mafuta vionekane, weupe uwe kidogo. Likamue juu ya glasi upande wa rangi ukitazama kinywaji, kisha litupe. Kuliacha ndani kwa dakika 10 huongeza uchungu polepole, na hiyo ndiyo sababu ya wale wanaosema «ilianza vizuri ikaisha vibaya».

Pili ni bita. Chupa iliyojaa hutoa mtikiso mdogo, chupa iliyo nusu hutoa mkubwa. Pima mara moja: tikisa mara 10 ndani ya kipimo. Zikitoka ml 8 hivi, uko sawa. Zikitoka 12, mitikiso yako miwili ni mitatu.

Tatu ni Chartreuse iliyozidi. Harufu kama ya dawa ya meno na mnanaa ndiyo ishara yake.

Ikiwa uchungu ni mdogo na kinywaji kiko mkononi tayari, tia matone 2 ya maji ya chumvi (gramu 20 za chumvi ndani ya gramu 80 za maji). Hautasikia chumvi, utasikia uchungu umeshuka. Matone 5 utaisikia.

Dalili: ladha bapa, harufu ya zabibu zilizochemshwa au siki

Vamuthi imekufa. Watu huihifadhi kabatini pembeni ya wiski kwa sababu chupa zinafanana, wakisahau kwamba hii ni divai. Ikifunguliwa, hewa huanza kuila. Ndani ya friji na kifuniko kimekazwa, iko kwenye ubora wake kwa mwezi mmoja, na inavumilika hadi miwili. Kabatini, hesabu siku.

Onja kijiko kimoja peke yake. Vamuthi hai ina harufu ya mitishamba na maganda ya matunda, na uchungu kidogo mwishoni. Iliyokufa ina utamu mtupu, rangi imeelekea kahawia, na mwisho wake ni mkavu au una ukali wa siki. Haina sumu, ipeleke kwenye mchuzi. Nunua chupa ndogo za ml 375 kila zinapopatikana, na uandike tarehe ya kufungua kwenye lebo.

Wiski na Chartreuse hazina haraka hiyo. Wiski iliyobaki robo ya chupa kwa mwaka mzima hupoteza harufu kidogo, basi. Chartreuse iepushe na mwanga.

Dalili: wiski haisikiki

Mtu amenunua wiski nzuri, ameikoroga, na anaonja mitishamba tu. Hili si kosa la mkono, ni la kuoanisha.

Wiski nyingi za Ayalandi zinazouzwa duniani ni mchanganyiko wenye sehemu kubwa ya wiski nyepesi ya nafaka, na nyingi huchemshwa na kukenekwa mara tatu. Ulaini huo ndio unaozifanya zinywike kavu kavu, na ndio unaozifanya zizame mbele ya Chartreuse ya asilimia 55. Jameson ya kawaida, kwa mfano, inafaa zaidi kwenye Emerald kuliko kwenye Tipperary.

Kwa mpangilio wa gharama:

- Punguza Chartreuse hadi ml 10 na upandishe wiski hadi ml 55. Haina gharama, na mara nyingi inatosha.
- Chagua wiski ya 46 badala ya 40, mfano Teeling Small Batch, ukipunguza ujazo kama ilivyoelezwa.
- Hamia wiski inayoitwa «single pot still»: hii hukenekwa kwenye mtungi wa shaba kutokana na shayiri iliyochipuzwa iliyochanganywa na isiyochipuzwa. Shayiri ile mbichi ndiyo huleta uzito wa mafuta na ukali wa viungo mdomoni. Green Spot na Powers John's Lane ni za kundi hili. Ya pili ina asilimia 46 na haimezwi na chochote.

Wiski ya miaka 18 au zaidi usiikoroge. Siyo dhambi; ni kulipia ule uzee wa pipa kisha kuufunika na mitishamba 130 ya Chartreuse.

Dalili: ina ukungu, povu au vipande vyeupe

Povu na viputo: umeitikisa. Viungo vyote hapa ni vya kung'aa, na kutikisa huingiza hewa. Iache dakika mbili itulie, ila uzito wake mdomoni hautarudi wote.

Chembe za barafu juu: chuja mara ya pili kwa chujio la chai.

Ukungu mwepesi unaokuja na baridi: soma lebo. Wiski isiyopitishwa kwenye uchujaji wa baridi hubaki na mafuta asilia, na ikipozwa na kuongezwa maji mafuta hayo hujikusanya na kuonekana. Haina madhara, na wengine huitafuta kwa makusudi. Mafuta ya ganda la chungwa nayo huacha utando juu. Huo ni wa kutakiwa.

Vipande vyeupe vinavyozama: ni madini ya maji magumu yaliyojitenga maji yalipoganda. Tengeneza barafu kwa maji yaliyochujwa.

Vipande vinavyometa na vyenye ncha: acha. Soma onyo la glasi hapa chini kabla ya kuendelea.

Dalili: harufu ya samaki au kitunguu

Barafu hunyonya harufu za friza. Nusa kipande kilichoyeyuka kwenye kikombe safi. Tupa yote, osha trei kwa maji ya uvuguvugu na magadi ya kupikia, kisha hifadhi barafu mpya kwenye mfuko uliofungwa. Iliyozidi wiki mbili bila kufunikwa isitumike kwa kokteli.

Dalili: niliikoroga kabla kwa wageni, imeganda chupani

Kwa glasi 8: wiski ml 400, vamuthi ml 200, Chartreuse ml 120, bita ml 10, maji safi ml 240. Maji hayo yanachukua nafasi ya barafu, kwa hiyo hukorogi tena. Jumla inakaribia ml 970, nguvu yake kama asilimia 27. Kiwango hicho cha pombe hakivumilii friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri usiku kucha. Kitageuka uji wa barafu. Weka kwenye friji, kisha hamishia friza saa moja na nusu kabla ya kumimina. Acha nafasi ya vidole viwili shingoni mwa chupa, maana kinachoganda huvimba na glasi hupasuka. Ikishakuwa uji, iache mezani, igeuze taratibu. Haijaharibika.

Anayelalamika kuwa ya chupa ni kali kuliko ya jagi, karibu kila mara amesahau yale maji ml 240.

Pa kusimama na pa kutafuta msaada

Glasi ikivunjika karibu na barafu, tupa barafu yote, kinywaji chote, na uoshe chombo cha barafu kabla ya kukijaza tena. Kuchuja hakutoshi, kwani kipande cha glasi hakionekani ndani ya barafu. Aliyemeza kipande aende hospitali, asijitapishe. Ili kuepuka, usichote barafu kwa glasi, na usimwagie maji ya moto jagi lililotoka kubeba barafu.

Mtindo wa kuwasha moto mafuta ya ganda la chungwa ufanyike mbali na chupa zilizo wazi. Mvuke wa Chartreuse ya asilimia 55 hushika moto kwa urahisi.

Usitengeneze bita yako kwa magome na mizizi usiyoijua kipimo chake. Magome ya kwinini hasa yanaweza kuleta mvumo masikioni, kizunguzungu na mapigo ya moyo yasiyo sawa. Dalili hizo ni za daktari.

Glasi moja ya Tipperary hii ina takriban gramu 25 za pombe halisi, sawa na vipimo viwili na nusu vya gramu 10. Baridi na utamu huficha hesabu hiyo. Usiendeshe gari baada yake. Mjamzito asinywe. Anayetumia dawa za usingizi, za wasiwasi, za maumivu makali, au metronidazole, amuulize mfamasia kwanza. Anayetetemeka, kutoka jasho au kuona vitu visivyokuwepo anapoacha pombe asijiachishe peke yake nyumbani, amwone daktari.

Mtu aliyelewa asiyeamka ukimtikisa, anayepumua polepole au kwa vipindi, au ambaye ngozi yake imekuwa baridi na rangi ya buluu, mlaze ubavu na upige simu ya dharura. Kahawa, maji baridi na «aachwe alale» havimsaidii.

Mwisho, chupa ya kutiliwa shaka: muhuri uliofunguliwa, lebo iliyopinda, au bei isiyoingia akilini. Methanoli haitambuliki kwa kunusa wala kuonja, na kuikoroga na barafu hakuiondoi. Kichwa kuuma sana, kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka na macho kuona ukungu vinaweza kuja saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, wakati mtu anadhani ni uchovu wa ulevi tu. Aende hospitali mara moja hata kama anajisikia nafuu, na chupa yenyewe ichukuliwe pamoja naye.